Fizi zinatoka damu na nimeshauriwa leza: nikubali?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Nina miaka 44. Kwa zaidi ya mwaka sasa fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, na kati ya meno ya mbele nyama imeota mpaka imefunika karibu nusu ya meno. Daktari wa meno alinipima akakuta mifuko ya milimita 5 na 6 sehemu kadhaa. Ameniambia atanitibu kwa leza, bila kisu, bila nyuzi, na kwamba sitahitaji kukwanguliwa meno. Natumia amlodipini kwa ajili ya presha. Kisu nakiogopa, lakini na hiyo mionzi nayo naiogopa. Nikubali?"

Jibu:

Dada yangu, umeuliza swali moja lakini ndani yake mna matatizo mawili, na leza haina uzito sawa kwa yote mawili. Kuna nyama iliyoota mbele, na kuna mifuko ya milimita 5 na 6, yaani nafasi kati ya jino na fizi iliyozama kuliko kawaida. Kwa ile nyama, leza ni chombo kizuri sana, pengine ndicho ningekishika mimi mwenyewe. Kwa mifuko, leza peke yake haitakuponya, na ahadi kwamba hutakwanguliwa meno ndiyo iliyonifanya nikae nikuandikie kwa kirefu. Tena umetaja amlodipini kama jambo la kupita tu, kumbe huenda ndiyo yenye habari kubwa kuliko mengine yote. Nitaifikia.

Nianze na hofu ya mionzi, maana nikiiacha utasoma yaliyobaki huku moyo unakudunda. Leza ni mwanga. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza huko California mwaka 1960, akitumia kijiti cha yakuti nyekundu, na tangu hapo zimetengenezwa za aina nyingi, lakini zote hutoa mwanga wa rangi moja uliokusanywa mpaka ukawa na nguvu mahali padogo. Mwanga wa leza zinazotumika kutibu fizi hauna uwezo wa kuvunjavunja vinasaba vya seli kama ulivyo uwezo wa eksirei. Hauachi kitu mwilini. Mashine ikizimwa, mwanga nao umekwisha. Madhara yake yapo, ila ni ya joto: unaweza kuunguza, na unaweza kupofusha jicho. Hofu ya saratani iweke kando, hofu ya jicho ibakize, nitaieleza mbele.

Sasa, mwanga unakataje nyama? Vaa shati jeusi siku ya jua kali, kesho yake vaa jeupe, utakuwa umepata nusu ya jibu. Kitu hupata moto kadiri kinavyoumeza mwanga, na kila kilichomo mwilini kina mwanga wake kinaoupenda. Damu ina himoglobini, ngozi na fizi zina melanini, na karibu kila tishu imejaa maji. Leza zilizoenea zaidi kwenye kliniki za meno ni za dayodi. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 810 hadi 980, jicho haliuoni, nao humezwa zaidi na himoglobini na melanini. Ile inayoitwa Nd:YAG, ya nanomita 1064, ni jamaa yake wa karibu ila hupenya kwa kina zaidi. Za erbiamu, mfano ile ya nanomita 2940, humezwa na maji kwa pupa, hata nguvu yake yote huishia kwenye tabaka jembamba la juu kabisa. Ya kaboni dioksaidi, nanomita 10,600, nayo hupenda maji. Hukata haraka na kuziba mishipa midogo ya damu inapopita.

Tishu ikifika nyuzi joto 60 hivi, protini zake huganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Ikifika 100, maji yaliyo ndani ya seli huchemka na seli hupasuka zikawa mvuke, na hapo ndipo tunasema imekatwa. Ukizidi kuichoma ikapita 200 inageuka mkaa. Ufundi wote upo humo: kufika 100 pale unapotaka kukata, na kubaki chini ya 60 nusu milimita pembeni. Mfupa ni mwepesi zaidi wa kudhurika. Nyuzi 47 kwa dakika moja zinatosha kuuharibu, na fizi ya mbele imelala juu ya mfupa mwembamba.

Kuhusu dayodi kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Kabla ya kuanza kukata, daktari huigusisha ncha ya ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga kwenye kizibo au kwenye karatasi ya rangi ya kupimia meno yanavyoumana, ili ncha ishike weusi. Weusi huo ndio humeza mwanga, ncha ikawaka moto wa mamia ya nyuzi joto, na moto huo ndio unaokata. Kwa maneno mengine, dayodi inapokata fizi ni kiwembe kidogo cha moto kinachowashwa kwa mwanga. Si aibu, inafanya kazi vizuri, lakini ukijua hivyo utaelewa kwa nini mkono wa mtumiaji una maana kuliko jina la mashine. Nilipoanza kuitumia niliamini mwanga wenyewe una akili. Mgonjwa wangu mmoja wa siku hizo alirudi siku ya tatu na kidonda kikubwa kuliko nilichokusudia, kwa sababu nilisita sehemu moja kwa sekunde chache. Kilipona. Mimi ndiye niliyebaki na funzo, na tangu siku hiyo mkono wangu husogea kama wa mtu anayepaka rangi ukuta, haukai.

Weusi wa fizi nao unahusika hapa. Fizi zenye melanini nyingi humeza mwanga wa dayodi na wa Nd:YAG kwa haraka zaidi kuliko fizi za waridi, kwa hiyo kipimo cha nguvu kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine kinaweza kuwa kikali mno kwa mtu mwenye fizi nyeusi. Mtaalamu aliyezoea huanza chini, wati 1 au hata pungufu, akaangalia tishu inavyojibu, ndipo akapanda. Na kama fizi zako zina madoa meusi ya kuzaliwa nayo na mtu akakuambia ni uchafu unaotakiwa kuondolewa kwa leza, mkatalie. Ni rangi yako kama ya ngozi. Wapo wanaoiondoa kwa urembo, hiari yao, na mara nyingi rangi hurudi kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda.

Haya, amlodipini. Ipo katika kundi la dawa za presha zinazozuia kalisi kuingia kwenye misuli ya mishipa ya damu. Dada yake nifedipini ndiyo yenye sifa mbaya zaidi katika kundi hilo, lakini amlodipini nayo inajulikana kuotesha nyama ya fizi kwa baadhi ya watumiaji. Fenitoini, dawa ya kifafa, hufanya vivyo hivyo, na siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo pia. Nyama hiyo kwa kawaida huanzia kwenye vile vipembe vya fizi kati ya meno ya mbele, hujaa, kisha huanza kupanda juu ya meno. Ni picha uliyoichora mwenyewe kwenye barua yako. Siwezi kuapa bila kukuona, lakini ningekuwa mbele yako ningekuuliza mambo mawili kabla ya kushika kifaa chochote: dawa ulianza lini, na nyama ulianza kuiona lini.

Usiiache dawa. Naliandika hili peke yake kwa sababu nimeona watu wakisoma nusu ya ushauri na kwenda kutupa vidonge. Presha iliyoachwa huru inaua, fizi iliyoota haiui. Unachotakiwa kufanya ni kwenda kwa daktari anayekutibu presha, umweleze kuhusu fizi, umuulize kama kuna dawa ya kundi jingine inayokufaa. Mara nyingi ipo. Dawa ikibadilishwa na meno yakasafishwa vizuri, nyama inaweza kusinyaa yenyewe kwa wiki na miezi kadhaa, na pengine kitakachobaki cha kukatwa ni kidogo sana. Dawa isipobadilishwa na ukoga ukabaki, nyama itaota tena hata ikikatwa kwa leza ya dhahabu.

Ukoga ni ule utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye meno kila siku. Dawa haioteshi fizi peke yake. Huotesha zaidi fizi ambayo tayari imewashwa na ukoga. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kumeza kidonge kilekile, mmoja akaota nyama na mwingine asiote.

Tuingie kwenye mifuko, ambako ndiko ninakotofautiana na mwenzangu aliyekupima. Kati ya jino na fizi kuna kijibonde. Kwa mtu mzima wa afya njema, kijiti cha kupimia huzama humo milimita 1 hadi 3. Zikizidi hapo na damu ikatoka, tunaita mfuko. Lakini mfuko unaweza kuwa mrefu kwa njia mbili. Ya kwanza, mfupa na nyuzi zinazoshika jino zimeliwa, kwa hiyo sakafu ya mfuko imeshuka. Ya pili, sakafu ipo palepale ila ukingo wa fizi umepanda juu, kama kisima kilichojengewa ukuta mrefu: ukipima kutoka ukingoni utaona kina kikubwa, kumbe maji hayajashuka. Kwako wewe, mwenye nyama iliyofunika nusu ya meno ya mbele, baadhi ya hizo milimita 5 na 6 huenda ni za namna hii ya pili. Ndiyo maana namba peke yake hainitoshi. Nataka kujua ni meno gani, nataka kujua umbali kutoka pale taji la jino linapokutana na mzizi hadi sakafu ya mfuko, na nataka eksirei inayoonyesha kimo cha mfupa. Kama hukupigwa eksirei, hilo ndilo pengo la kwanza kuziba, na hiyo ni mionzi ambayo ningekushauri uikubali, dozi yake ni ndogo.

Tuseme baadhi ya mifuko ni ya kweli, mfupa umeanza kuliwa. Ndani yake mna nini? Ukoga uliokaa muda mrefu hushika madini ya mate na ya majimaji ya fizi ukawa ugaga, mgumu, umeng'ang'ania mzizi kama chaza kwenye mwamba. Juu ya ugaga huo kuna bakteria hai, wakwe na majirani wa kila aina, na kinga ya mwili inapopigana nao ndiyo inayokula mfupa. Tiba yote inasimama juu ya jambo moja: mzizi usafishwe hadi fizi iweze kuushika tena. Mwanga wa dayodi ukiingia mfukoni utaua bakteria wengi, utakausha ngozi ya ndani ya mfuko iliyooza, na utazuia damu. Ugaga utaukuta na utauacha. Nd:YAG vilevile. Katika hizi nilizozitaja, za erbiamu ndizo zinazoweza kuumegua ugaga kweli, na hapo tambua kwamba nazo zinafanya kazi ileile ya kukwangua, ila kwa mwanga na maji.

Bakteria waliouawa leo, ugaga ukiwa bado umekaa, hurudi baada ya wiki chache. Kinachowapumbaza watu, madaktari wakiwemo, ni kwamba fizi iliyopigwa leza huacha kutoka damu upesi. Mgonjwa anafurahi, daktari anapiga picha. Ni ukuta wenye unyevu uliopakwa rangi mpya. Simwiti mwenzangu mwongo. Nadhani ameona fizi nyingi zilizokauka na hakuzipima tena baada ya miezi sita.

Hili si langu peke yangu. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2015 kuhusu tiba ya ugonjwa wa fizi isiyo ya upasuaji. Kukwangua na kulainisha mizizi ndiko kulikopewa nafasi ya msingi, na kwa wastani kulirudisha takriban nusu milimita ya mshiko wa jino. Kuongezea dayodi, Nd:YAG au erbiamu juu ya kukwangua, mwongozo haukupendekeza. Katika njia za leza ulikubali kwa unyonge moja tu, ile ya kupaka rangi maalumu mfukoni kisha kuiamsha kwa mwanga wa dayodi. Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi nalo lilitoa mwongozo wake mwaka 2020, likashauri leza zisiongezwe kwenye kukwangua, na hata ile njia ya rangi na mwanga ikaachwa. Kama ubishi upo kati ya miongozo hii, unahusu iwapo leza inaongeza chochote juu ya kukwangua. Hakuna hata mmoja unaosema ichukue nafasi ya kukwangua.

Nusu milimita inasikika ndogo, najua. Ni wastani, umechanganya mifuko mifupi na mirefu, na katika mifuko mirefu kina hupungua zaidi ya hapo. Halafu kwa jino, nusu milimita iliyosimama mahali pake kwa miaka 20 ni mali.

Huenda utaambiwa kuhusu utaratibu maalumu wa Nd:YAG ambao mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliupa kibali mwaka 2016 kwamba unaweza kujenga upya tishu zinazoshika jino. Ni kweli kibali kipo. Ila uufuate utaratibu huo hatua kwa hatua, utakuta katikati yake mzizi unakwanguliwa kwa kifaa cha mtetemo. Waliouvumbua walijua ugaga hautoki kwa mwanga huo.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, mpangilio ungekuwa hivi. Kwanza barua kwa daktari wako wa presha. Pamoja na hiyo, kipimo cha sukari kama hujapima karibuni, kwa kuwa kisukari kisichodhibitiwa na ugonjwa wa fizi hulishana, kila kimoja kikimchochea mwenzake. Na kama una homa zisizoeleweka, umepauka, au unapata michubuko bila kugongwa, kipimo cha picha nzima ya damu kifanyike upesi, kwani magonjwa machache ya damu hujitokeza kwanza kwa fizi kuvimba. Sisemi unalo. Ni kipimo cha dakika chache kinachomwondolea daktari majuto.

Kisha kukwanguliwa, kwa ganzi, mdomo mzima, kwa awamu moja au mbili. Unafundishwa kutumia vijimswaki vya kati ya meno, vya ukubwa unaojaza nafasi zako, kwa kuwa mswaki wa kawaida haufiki huko. Halafu tunasubiri. Wiki 6 hadi 8 za uchache, na miezi mitatu si mingi. Kipindi hiki wagonjwa hukichukia, nacho ndicho kinachofanya kazi kubwa. Uvimbe wa maji hutoka, fizi inakaza, na sehemu ya ile nyama uliyodhani imeota itakuwa imetoweka bila kuguswa. Anayekata siku ya kwanza, fizi ikiwa imevimba, hukata mahali ambapo si ukingo wa kweli. Uvimbe ukiisha, mzizi unabaki wazi, jino linakuwa refu na linauma kwa maji baridi. Kisu hicho hakirudishwi, kiwe cha chuma au cha mwanga.

Baada ya hapo tunapima tena. Mifuko iliyobaki na milimita 4 au 5 na damu, inakwanguliwa mara ya pili. Iliyobaki na 6 au zaidi ndiyo inayofikiriwa upasuaji wa kufunua fizi ili mzizi uonekane kwa macho. Nyama ya mbele iliyobaki, ndiyo siku ya leza.

Na siku hiyo utaielewa sifa yake. Utapakwa ganzi ya kupaka kisha, kwa eneo kubwa kama lako, utachomwa sindano ya ganzi. Nasema hivi kwa sababu "bila sindano" ni kweli kwa vipande vidogo, na ni maneno ya biashara kwa meno sita ya mbele. Presha yako itapimwa kabla. Ikiwa juu sana tunaahirisha. Daktari atatoboa alama za sakafu ya mfuko kwa kijiti, atakata kwa mshazari ili fizi mpya iwe na umbo la ukingo mwembamba, na atakuwa akiifuta ncha mara kwa mara kuondoa mkaa. Damu itakuwa kidogo au hakuna. Hakuna kitu cha kushona. Kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, faida hii ni kubwa kweli, ingawa dawa hizo lazima zitajwe kabla, kama zako zote.

Lakini ipo mipaka. Lazima ibaki fizi ngumu ya kutosha chini ya mkato, ile ya rangi iliyopauka isiyochezacheza. Ikikatwa yote jino linabaki limezungukwa na ngozi laini ya shavu isiyostahimili mswaki. Mfuko ukiwa umeshuka hadi chini ya ukingo wa mfupa, au mfupa wenyewe ukiwa umenenepa, kukata juujuu hakusaidii, inabidi fizi ifunuliwe na kushonwa. Ikitokea hivyo, nyuzi hizo zikubali. Na kipande cha nyama iliyokatwa kiende maabara kama kuna chochote kisicho cha kawaida: kigumu upande mmoja, chenye kidonda kisichopona, kilichokua haraka. Kwenye hili nina ukali. Leza ikigeuza uvimbe wote kuwa moshi, hakuna kilichobaki cha kusomwa chini ya hadubini. Na hata kinapotolewa kizima, kingo zake huungua, hivyo hukatwa kwa kuacha pembe ya ziada ili msomaji wa maabara aone tishu ambayo haijaungua.

Jicho sasa. Leza hizi zipo katika daraja la 4, la juu kabisa kwa hatari. Mwanga wa dayodi hauonekani na hupita hadi nyuma ya jicho, kwa hiyo jicho haliwahi kukwepa. Kila aliye chumbani avae miwani, wewe, daktari na msaidizi, na miwani hiyo iwe imeandikwa urefu wa wimbi unaolingana na mashine. Miwani ya erbiamu haikingi dhidi ya dayodi. Moshi unaotoka una harufu ya nywele zilizoungua na unaweza kubeba chembe za virusi, hivyo mrija wa kunyonya uwekwe karibu kabisa na mkato na barakoa ivaliwe. Ukiona msaidizi ameshika mrija mbali huku miwani ipo kichwani kwa daktari kama pambo, una haki ya kunyanyua mkono.

Baada ya kukatwa, siku ya pili au ya tatu utaona utando wa rangi ya njano iliyochanganyika na nyeupe. Watu hunipigia simu kwamba ni usaha. Sio, ni bandeji ya mwili yenyewe, usiikwangue. Epuka vya moto na vyenye pilipili siku ya kwanza, sukutua kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na piga mswaki laini sehemu nyingine zote kama kawaida. Maumivu kwa wengi hukaa siku mbili tatu na dawa ya kawaida huyatuliza. Uliza ipi inapatana na presha yako, kwa kuwa zile za jamii ya ibuprofeni zinaweza kuipandisha. Utasikia pia kwamba kidonda cha leza hupona haraka kuliko cha kisu. Kinatoka damu kidogo na hujikunja kidogo, hilo ni kweli. Kupona kwenyewe, siku za mwanzo, kinaweza hata kuchelewa kidogo kwa sababu kingo zimeungua. Baada ya wiki mbili hivi tofauti huwa imefutika.

Rudi basi kwa daktari wako, bila ugomvi. Mwombe akuonyeshe eksirei na karatasi ya vipimo, jino kwa jino. Muulize mashine yake ni ya aina gani na ya urefu gani wa wimbi. Anayeitumia kila siku atajibu kabla hujamaliza swali. Muulize ugaga ulio chini ya fizi utatolewa na nini. Akisema "kwa kukwangua, kisha leza nitatumia kukata nyama", umepata mtu wako, keti kwenye kiti. Akisema leza itautoa, na mashine ni dayodi, tafuta maoni ya daktari bingwa wa fizi kabla ya kulipa chochote.

Na hayo majibu ya vipimo, ukiyapata, niandikie tena ukitaja ni meno yapi yenye 6 na amlodipini ulianza mwezi gani wa mwaka gani.